Unga, Ngeu na Nywele za Msokoto katika Nchi ya Dhahabu

Kiswahili kina neno la kale, timutimu, litumikalo kwa nywele zilizosongamana zikakosa kitana. Aghalabu ni neno la lawama. Mtu huambiwa ana nywele za timutimu kwa sauti ile ile itumikayo kumwambia kwamba nguo zake ni chafu au kwamba hakulelewa vyema. Lakini ziko nywele nyingine, zilizosokotwa kwa makusudi, zikatiwa mafuta, udongo au unga ili zishikamane na kukaa. Hizo zina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, historia ambayo haikuandikwa sana, kwa sababu wengi wa waliokuwa na kalamu waliiona kuwa ni habari ya uchafu tu. Makala haya yanakusudia kueleza sehemu ya historia hiyo. Hapana budi niseme mapema jambo lililonifanya niandike. Katika mabishano yote ya miaka takriban sitini iliyopita juu ya vichwa vya vijana wetu, viongozi, wazee, walimu na wahubiri wameangalia umbo la nywele, na ni wachache waliouliza ni kitu gani kilichotiwa ndani yake, kimetoka wapi, na kitatolewa lini.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nchi hii ya dhahabu. Kutoka Shinyanga mjini, kupitia Kahama na Kakola, hadi Katoro na Geita, kando ya barabara pamejaa vibanda vya wasusi na vinyozi, na wengi wa vijana wakaao katika viti vyake wametoka machimboni. Wanataka nywele za msokoto, ambazo wao huziita dredi, na wanazitaka upesi. Ndugu msomaji atafahamu kwamba nywele zetu za kipilipili hazihitaji kuharakishwa: hujikunja zenyewe tangu zitokapo katika ngozi, na mtu akiacha kuzichana, akazisokota tu kwa vidole mara kwa mara, zitashikana baada ya miezi michache. Ila mchimbaji aliyepata fedha wiki hii anataka aonekane wiki hii, kwa kuwa hajui wiki ijayo itamletea nini. Hapo ndipo unga unapoingia.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Msusi hugawa kichwa kwa ncha ya mpini wa kitana katika viraba vidogo, kila kimoja kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Kisha huchana kila fungu kinyume, kutoka nchani kurudi shinani, mpaka nywele zifungamane. Hunyunyiza unga kidogo, akalisugua fungu kati ya viganja viwili kama mtu asokotaye kamba ya katani, na mwishowe huzivuta ndani nywele zilizobaki nje kwa sindano ya kufumia yenye kikulabu. Kichwa kimoja huweza kuchukua siku nzima.

Kwa nini unga usaidie? Unywele ukitazamwa kwa hadubini huonekana una magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta ambayo huyalainisha magamba hayo, nywele zikawa zinateleza. Unga huyanyonya mafuta, na punje zake hukaa kati ya unywele na unywele, zikaleta msuguano. Kile kilichokuwa kikiteleza sasa hukwama. Aina moja ya unga uuzwao nchi za nje kwa kazi hii hutokana na utomvu wa msonobari, uliopikwa hadi tapentaini ikatoka, ukabaki kitu kikavu chenye rangi ya asali, ambacho husagwa. Wapiga fidla wa taarabu wanakijua vizuri, maana ndicho wakipakacho katika upinde ili ushike nyuzi na kuziliza. Unga wa namna hiyo uliandaliwa hasa kwa watu wa Ulaya na Marekani wenye nywele nyoofu, ambazo bila ya msaada hazifungamani kwa urahisi. Kumletea mtu wa kwetu unga huo ni kama kumpelekea Mzinza samaki. Hata hivyo unatafutwa, na asiyeupata hutumia kilichopo: poda ya watoto, wanga wa muhogo, nta ya nyuki iliyoyeyushwa, au chochote ambacho rafiki amesema kinafaa.

Nitalirudia jambo hilo. Kwanza tuitazame historia, tukianza na neno lenyewe.

Katika saluni za Tanzania neno rasta lina maana mbili. Mwanamume akisema ana rasta, ana nywele za msokoto. Mwanamke akisema anakwenda kusuka rasta, anakusudia nyuzi za kiwandani ambazo msusi huziunganisha na nywele zake ili zirefuke, na huenda mwanamke huyo hajapata kusikia habari za Jamaika wala za Mfalme Haile Selassie. Baadhi ya wazee wetu huzicheka nyuzi hizo, wakisema ni kasumba, ni mambo ya kuiga wageni. Hapa historia inawakanusha. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858. Burton, aliyekaa Tabora kwa muda mrefu, hakuwa mtu wa kuwapenda Waafrika, na maandishi yake mengi juu yao ni ya dharau. Lakini macho alikuwa nayo. Aliandika kwamba Wanyamwezi walizisokota nywele zao katika misokoto mingi myembamba, na kwamba walizirefusha kwa kuziongezea nyuzi zitokanazo na magome ya miti. Speke naye, akielekea kaskazini kutoka Tabora, alikatiza nchi hii mpaka akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Kwa hiyo kuongeza nyuzi katika nywele hakukuja na meli wala ndege. Kilichobadilika ni kwamba zamani nyuzi zilitoka mtini, leo zinatoka kiwandani.

Pwani nako kulikuwa na unga wake. Wanawake wa Waswahili walikuwa na liwa, dalia na hina, na kila kimoja kilisagwa, kikachungwa na kutiwa maji au mafuta kwa kipimo kilichojulikana. Lakini kwa habari ya nywele za msokoto, unga mkuu wa Afrika ya Mashariki ni ngeu.

Ngeu ni udongo mwekundu wenye chuma, ambao maseremala wa zamani waliutumia kupigia mistari katika mbao. Rangi yake haina siri: ni kutu. Chuma kilichomo ardhini kikikutana na hewa na maji kwa karne nyingi hugeuka kuwa udongo wa rangi ya damu. Binadamu ameutumia kwa muda mrefu kupita kiasi tuwezacho kukadiria akilini. Katika pango la Blombos huko Afrika Kusini wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makombe ya baharini ambamo ngeu ilisagwa na kuchanganywa na mafuta ya mifupa kiasi cha miaka 100,000 iliyopita. Haijulikani walikuwa wakijipaka wapi, lakini walikuwa na kichocheo kamili: udongo, mafuta na chombo.

Wamasai, majirani wa Usukuma kwa upande wa mashariki, huiita ngeu olkaria. Morani wao alipoingia rika hilo aliziacha nywele zikue, zikasokotwa katika misokoto myembamba sana, nyingi zikielekea nyuma mgongoni na chache mbele ya paji, zote zikapakwa ngeu iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Ngeu na mafuta vilifanya kazi mbili kwa pamoja. Mafuta yaliushika udongo usipeperuke, na udongo uliushika msokoto usifumuke. Tazama jinsi ufundi huu unavyotofautiana na ule wa unga mkavu wa siku hizi, ambao hufanya kazi kwa kuyaondoa mafuta. Hakuna morani aliyejisuka mwenyewe, kwani kinyozi hajinyoi. Walisukana wao kwa wao, mmoja akiwa amelaza kichwa mapajani mwa mwenzake kwa saa nyingi, na mazungumzo yaliyopita katika saa hizo yalikuwa sehemu ya malezi yao.

Zaidi ya hayo, nywele hizo zilikuwa na mwisho unaojulikana. Katika sherehe iitwayo eunoto, wakati rika la morani lilipokuwa likipanda daraja, mama mzazi alimnyoa mwanawe. Miaka yote ya kusukwa, kupakwa na kujivuna ikaanguka chini siku moja, na wako morani waliolia machozi mbele ya watu bila ya kuona haya. Basi kwa kitu kilichotiwa katika nywele za morani, maswali niliyoyataja mwanzoni yalikuwa na majibu. Kila mtu alijua udongo umechimbwa wapi, nani ameupaka, na nani atauondoa.

Sasa niruhusiwe kusimulia jambo ambalo hunistaajabisha kila nipitapo Geita. Milima ya huko ina miamba ya chuma yenye mistari, mstari mweusi au mwekundu ukifuatwa na mstari wa mawe meupe, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Miamba hiyo ikioza hufanya udongo mwekundu. Na ni katika miamba hiyo hiyo dhahabu ya Geita imejificha. Mjerumani mmoja aliigundua mwaka 1898. Wakati wa utawala wa Waingereza ulifunguliwa mgodi wa chini ya ardhi uliofanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, nao ulikuwa mmojawapo wa migodi mikubwa ya Afrika ya Mashariki. Na mwaka 2000 mgodi mpya wa mashimo ya wazi ulianza katika milima ile ile. Kabla ya hao wote, Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma kutokana na mawe ya sehemu hizo, na majembe yao yaliuzwa mpaka Usukuma na Unyamwezi. Kwa maneno mengine, ardhi iliyotoa jembe, udongo mwekundu na dhahabu ni moja. Kijana wa karasha, pale mawe yasagwapo yawe unga, hutoka jioni akiwa na kichwa chekundu kama cha morani, na hakuna aliyempaka.

Nije sasa kwenye mabishano. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza masikitiko yake kwamba mkoloni alitufundisha kudharau vyetu. Wengi waliielewa hotuba hiyo kuwa ni mwito wa kurudi katika ngoma, hadithi na mila. Lakini miaka michache baadaye, swali la mila zipi zirudi lilifika vichwani mwa watu, nasema vichwani kwa maana yake halisi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililojulikana kama Operesheni Vijana, ambalo lilianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Lilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kuchubua ngozi, kwa hoja kwamba hayo yote ni utamaduni wa kigeni. Wakati huo huo, katika Mkoa wa Arusha, viongozi walikuwa wakiwataka Wamasai waache ngozi, waache ngeu na waache misokoto ya nywele, wavae nguo za kisasa.

Mtu akiyaweka maagizo haya mawili pamoja ataona ugumu wake. Msichana wa Dar es Salaam alilaumiwa kwa kufanana na Mzungu, na morani wa Monduli alilaumiwa kwa kutofanana naye. Mmoja alitakiwa avue nywele zisizo zake, na mwingine anyoe zilizo zake. Sisemi kwamba waliotoa maagizo hayo walikuwa watu wabaya. Walikuwa na taifa changa mikononi, walichoka kuona wageni wakija na kamera kumpiga picha Mwafrika aliyepakwa udongo kana kwamba ni mnyama wa mbugani, na krimu za kuchubua zilikuwa na madhara ya kweli. Hapo, katika krimu, ndipo walipouliza swali lililo sahihi: ndani ya kikopo hiki mna nini? Laiti wangeiuliza ngeu swali hilo hilo, wangepata jibu kwamba mna kutu na mafuta ya kondoo.

Mwezi ule ule wa Oktoba 1968, upande wa pili wa bahari, kulitokea jambo ambalo lingekuja kugusa vichwa vya vijana wetu. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa amekwisha kufundisha Dar es Salaam, alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Jamaika, na huko alizoea kuketi na Marasta wa Kingston, watu maskini waliodharauliwa, akizungumza nao historia ya Afrika. Tarehe 15 Oktoba serikali ya Jamaika ilimzuia kurudi nchini humo alipotoka safarini, na mji ukaingia katika ghasia. Mwaka 1969 alirejea Dar es Salaam, akafundisha hapo hadi 1974. Kwa hiyo katika miezi ambayo vijana wetu walikuwa wakikagua mawigi mitaani, mtu ambaye angekuwa mwalimu wa wengi wao alikuwa akifukuzwa kwingine, kwa sehemu kwa sababu ya kuketi na watu wa nywele za msokoto.

Marasta walianza Jamaika baada ya Ras Tafari kutawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mwezi Novemba 1930. Juu ya asili ya nywele zao wataalamu hawakubaliani. Wako wasemao waliiga watawa wa Kihindi waliofika Jamaika na vibarua wa mashamba. Wako wasemao waliona picha za wapiganaji wa Mau Mau katika magazeti ya miaka ya 1950 wakasema, hawa ni ndugu zetu. Mimi sina uwezo wa kuamua, ila wazo la pili linapendeza, maana lingekuwa na maana kwamba kitu kilichotoka katika misitu ya Nyandarua na Kirinyaga kilivuka bahari na kurudi kwetu katika kaseti. Mmoja wa wapiganaji wale, Muthoni wa Kirima, alizihifadhi nywele zake tangu vita vya msituni hadi Aprili 2022, zikanyolewa na Mama Ngina Kenyatta. Mwaka uliofuata akafariki. Mtu aliyetazama picha za siku ile, kikongwe ameketi na misokoto ikianguka, hakuweza kukosa kukumbuka eunoto na mama anyoaye.

Kaseti zilifika. Bob Marley aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwezi Aprili 1980, na katika miaka iliyofuata vijana wa kanda ya Ziwa walimjua kama walivyowajua wachezaji wa mpira. Ng'ambo ya Geita, huko Bukoba, marehemu Justin Kalikawe aliuimba muziki huo kwa Kiswahili. Nasi tuliokuwa shuleni wakati huo tulinyolewa kipara kila mwanzo wa muhula na kuimba nyimbo zile kimya kimya.

Nina deni la kulieleza hapa. Mwaka 1999 nilikuwa karani katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Alikuja kijana mchimbaji kufuatilia karatasi yake. Alikuwa na misokoto mizito, imetuna, ina harufu. Nilimwambia aende akanyoe ndipo aje azungumze na serikali. Hakubishana. Alirudi siku ya tatu akiwa amenyolewa, na nilipokitazama kichwa chake niliona vidonda, vingine vibichi, vimetapakaa kutoka kisogoni hadi utosini. Nikamwuliza vimetoka wapi. Akaniambia kwamba wenzake walimsaidia kuanza nywele zile kwa unga wa muhogo na gundi ya mbao, ili zikaze upesi, naye hakuwa ameziosha tangu hapo kwa kuogopa zisije zikafumuka. Muhogo ulichacha juu ya ngozi yake kwa miezi. Kama ningemwuliza siku ya kwanza kwa nini anajikuna, badala ya kumtazama kama mhuni, huenda angekwenda zahanati mapema. Karatasi yake aliipata, lakini kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulikuwa kwangu.

Tangu hapo mambo ya sheria yamesonga mbele katika nchi jirani. Mwezi Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba msichana wa imani ya Kirasta asizuiwe kusoma kwa sababu ya nywele zake, na mwezi Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ikatoa uamuzi wa namna hiyo kwa watoto wa Marasta. Walimu watakaosoma makala haya watakuwa na maoni yao, nami nawaachia. Shabaha yangu ni unga.

Kwa Wasukuma, unga si neno jepesi. Dawa ya mganga, bugota, mara nyingi ni mizizi na magome yaliyosagwa. Huchanjiwa mwilini, hufungwa katika pembe, hunyunyizwa mlangoni. Wachezaji wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu karne ya kumi na tisa, walikuwa na dawa zao za kuvuta watazamaji. Nyingi za dawa hizo hazikumdhuru mtu. Lakini machimbo yalileta wageni wengi wenye shida moja, bahati, na wakatokea waliouza bahati hiyo kwa bei ya damu. Kuanzia karibu mwaka 2006 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya kanda hii, na hata nywele zao zikatafutwa, kwa uongo kwamba zinavuta dhahabu na samaki. Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo wauaji wa mtoto mmoja, hukumu ya kwanza ya aina yake. Ndiyo sababu kijana mwenye unga usiojulikana nyweleni aliweza, katika miaka hiyo, kutiliwa shaka mbaya kuliko uhuni. Na ndiyo sababu pia kusema wazi unga ni wa nini, na umetoka wapi, ni jambo la usalama wa watu.

Uko unga mwingine ambao hauuzwi. Wachimbaji wadogo husaga mawe katika makarasha, hupitisha unga wake majini katika mialo, kisha huukamata kwa zebaki. Zebaki hushikana na dhahabu, na kidonge kinachopatikana huchomwa motoni, zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamagasa, katika Geita, kupima madhara ya kazi hiyo, na pamoja na damu na mkojo walichukua nywele za watu. Baadhi ya wachomaji walikutwa na zebaki nyingi miilini. Nywele zilichaguliwa kwa sababu hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi na huhifadhi kile kilichokuwamo mwilini zilipokuwa zikiota, kama daftari ambalo ukurasa wake hauchanwi. Hata hivyo mvuke na vumbi hushika pia juu ya unywele kutoka nje, na mpimaji lazima atofautishe kilichotoka ndani na kilichotoka hewani. Ulimwengu uliijua hatari hii kutokana na mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa fikiria kichwa cha misokoto katika karasha. Unga umetiwa ili kushika, nao haubagui. Hushika vumbi la mawe, ambalo lina silika, adui wa mapafu. Kijana hulala nalo juu ya mto, akalivuta usiku kama alivyolivuta mchana. Mwenye nywele fupi hujimwagia ndoo moja ya maji na vumbi limekwenda. Mwenye misokoto iliyokazwa kwa nta au utomvu hawezi, kwa kuwa nta haitoki kwa maji baridi, na ndani ya msokoto maji yakiingia hayakauki upesi. Hata poda ya watoto ina neno lake: mwezi Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia talki, jiwe lisagwalo kuwa poda hiyo, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kijana hawezi kuyajua haya kwa kutazama kikopo.

Mwaka uliopita, nikiwa Katoro kwa kazi, niliketi katika kibanda cha msusi mmoja kuikwepa mvua. Ni mama wa makamo, ameifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na vidole vyake vimekakamaa kwenye ncha. Aliingia kijana, kichwa chekundu, fedha mkononi, akitaka kuanza dredi siku hiyo hiyo. Mama hakuinuka. Alimwonyesha pipa la maji, kipande cha sabuni na beseni nje ya kibanda.

"Mwanangu, nenda kaoshe. Ukimaliza osha tena. Maji yakitoka meupe mara ya tatu, njoo nikushike."

Kijana alilalamika kwamba kwingine hawamwoshi mtu, wanamtia unga na kuanza. Mama akamjibu kwamba unga anao tayari, amekuja nao kutoka karashani. Yule kijana akacheka, akavua shati, akainamia beseni. Mvua ilikwisha kabla hajamaliza, nami niliondoka. Maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kichwani mwake kuelekea mtaroni yalikuwa bado yana rangi ya ngeu.